Bwana Shamba Aliyepunga Kitambaa

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika, maana hata mkewe sikumsikia akilitumia. Kwa kijiji kizima alikuwa Bwana Shamba, basi. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, babu yake alimtumikia nani, hayo waulizwe wenye ukoo wao. Mimi nilimfahamu kama jirani, miaka ile niliyofundisha shule ya msingi huko Muleba, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi na kila mkutano ukianza kwa "Ndugu wananchi". Nyumba yangu ya ualimu na nyumba yake ya serikali zilitenganishwa na mstari mmoja wa migomba, na choo ambacho tuligombania usafi wake mpaka siku niliyohamishwa.

Hakuwa mtu wa kukaribishwa. Ulipokuwa ukisema "karibu", yeye alikuwa ameshaegemeza baiskeli ukutani na kupita nyuma ya nyumba, yumo kibanjani katikati ya migomba na mibuni, anapekua matandazo kwa ncha ya kiatu. Akimaliza ukaguzi ndipo anarudi mlangoni kusalimia, na salamu yenyewe ilitegemea alichokiona. Kibanja kikiwa safi, alikaa, akapokea kahawa, akauliza habari za watoto mmoja mmoja. Kikiwa kichafu, alisimama kizingitini akasema, "Mkulima, migomba yako imenieleza kila kitu," kisha akaondoka na njaa yake. Kila mtu kwake alikuwa mkulima. Padri alikuwa mkulima, mganga wa zahanati mkulima, na mimi mwenye chaki vidoleni nilikuwa mkulima wa vichwa. Siku moja katekista wa kijiji, mtu mzito mwenye kujiheshimu, alimwuliza kwa kejeli kama Mungu naye ni mkulima. Bwana Shamba alijibu kwamba Mungu ndiye mkulima wa kwanza, na kwamba Adamu alifukuzwa bustanini kwa kula bila kupalilia. Katekista alimnunia mpaka Kwaresima.

Alikuwa na lugha mbili na kila moja ilikuwa na kazi yake. Kiswahili kilikuwa cha kuamrisha. Akipanda juu ya kiti mbele ya ofisi ya kijiji, akavuta mkanda wa kaptula yake, ungesikia maneno ya redioni: uzalishaji mali, mbinu bora, adui wa taifa. Adui wa taifa alikuwa mdudu. Kihaya kilikuwa cha kufariji. Mtu akifiwa na mibuni yake, au upepo ukiangusha ndizi changa za mjane, Bwana Shamba alichuchumaa kando yake na kumwambia polepole, kwa neno letu la heshima, "Waitu, tutapanda tena." Kwa hiyo tulijua hali ya mambo kwa lugha aliyobishia hodi. Akija na Kiswahili, watu walikimbilia majembe. Akija na Kihaya, walikaa chini kusubiri habari mbaya.

Na bado kibanja chake mwenyewe kilikuwa aibu. Migomba yake ililiwa na fukusi, mibuni haikupunguzwa matawi, magugu yalifika magotini. Mimi ulimi wangu haujawahi kulala njaa, nikamwambia, "Bwana Shamba, mganga hajigangi." Akanitazama juu ya mstari wetu wa migomba akauliza, "Na wewe Mwalimu, wako wangapi wanaojua kusoma?" Wakati ule sikuwa na mtoto, na kijiji kizima kilikuwa kinanihesabia miaka. Nilimtupia gunzi la mahindi, likampata begani. Jioni aliniletea mkungu wa ndizi, wenyewe mwembamba wa kutia huruma, tukacheka.

Aliyekutana naye miaka ya baadaye angemkumbuka kwa jambo lingine. Hakunyosha mkono. Mwenyekiti wa kijiji akisema wanaokubali wanyoshe mikono, mikono yote ilipanda isipokuwa wake; aliitikia kwa kichwa tu. Akikuona ng'ambo ya barabara hakukupungia, alivuka akaja mpaka karibu. Wageni walidhani ana ugonjwa wa bega. Bega lilikuwa zima. Ili nieleze mkono huo, sina budi kueleza ndoa yake kwanza.

Alioa akiwa mtu mzima, amepita miaka arobaini, binti wa kutoka Kaagya aliyekuwa na sauti ndogo na hatua za haraka. Alimwoa baada ya mavuno ya kahawa, na msimu wa senene ukafuata. Kwetu, mke mpya anapoingia msimu wake wa kwanza wa senene, huamka alfajiri na wanawake wenzake kwenda rweya, ile mbuga ya majani iliyo nje ya migomba, akaokote senene kwenye umande wakiwa bado wamekufa ganzi kwa baridi. Huwanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akampelekea mumewe. Mume naye hana ujanja, lazima anunue nguo. Mwanamke asiyepeleka senene msimu wa kwanza husemwa mpaka azeeke, na mume asiyenunua nguo husemwa zaidi. Tena senene hawana mwenyewe. Wakianguka kwenye rweya, hata mkuu wa mkoa hawezi kumwambia mtu asiende, au akimwambia hatasikilizwa.

Bwana Shamba alikuwa na furaha ya kitoto. Alikwenda Bukoba mapema akanunua kitenge cha rangi ya chungwa, akakificha kwangu ili mkewe asikione. Kila nilipokutana naye kisimani aliniuliza kama panya hawajakigusa. Nilimwambia panya wa kwangu wanasoma madarasa ya jioni, hawana nafasi.

Msimu huohuo viwavi jeshi wakashuka kwenye mahindi ya shamba la kijiji. Shamba lile lilikuwa wazo lake. Watu walitaka kulima mahindi kila mtu kwake, yeye akawasimamia juu ya kiti mpaka wakakubali kulima pamoja kwenye rweya, na sasa viwavi walikuwa wanatembea juu ya majani usiku na mchana, ukisimama kimya unawasikia wakitafuna. Mabomba ya mgongoni hayakutosha. Akapanda baiskeli mpaka Bukoba, akakaa kwenye ngazi za ofisi mpaka wakamsikiliza, akarudi amechanika soli lakini na ahadi ya ndege ya kupulizia dawa. Tulifyeka majani ya rweya tukapata uwanja, tukaziba mashimo, tukang'oa vichuguu. Kimoja tu, kikubwa, upande wa magharibi, kilituvunjia majembe tukakiacha. Bwana Shamba alikipima kwa macho akasema ndege ikifika pale itakuwa imeshapaa.

Rubani alikuwa kijana wa Kipare, mtaratibu, mwenye shati lililopigwa pasi hata huko porini. Alikula kwangu, kwa sababu swali lake la kwanza lilikuwa Walutheri wanasali wapi, na Mlutheri wa karibu nilikuwa mimi. Alikunywa maziwa. Aliniambia mama yake ni mzee wa kanisa na kwamba tangu azaliwe hajaonja pombe, akasema hivyo bila kujisifu, kama mtu anavyosema hali samaki.

Jioni ya kwanza wazee walimpa kibuyu cha lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, pamoja na mrija wake. Kibuyu cha heshima hakirudishwi. Ukikikataa umewaambia wazee kwamba mikono yao ni michafu. Rubani alimtazama Bwana Shamba kuomba msaada, na Bwana Shamba akamnong'oneza, ila kwa sauti iliyotufikia sote, "Pokea tu, mwanangu. Kifunge nyuma ya kiti chako. Kesho ukiwa juu, wanyweshe viwavi." Tulicheka mpaka wazee wenyewe wakacheka. Kijana akapokea kwa mikono miwili, akaenda akakifunga kwa kamba nyuma ya kiti. Ilikuwa busara nzuri ya mwenyeji. Sikumwona mtu pale aliyefikiri vingine.

Siku ya kwanza ya kupulizia ilikwenda vizuri. Ndege iliondoka ikielekea mashariki, upande wa ziwa, ikarudi, ikajazwa dawa, ikaondoka tena. Kazi ya Bwana Shamba ilikuwa kuupitia uwanja wote kwa miguu, kufukuza mbuzi na watu, kisha kusimama pembeni na kupunga kitambaa cheupe kwamba njia ni safi. Watoto wangu wa shule walimwiga siku nzima kwa leso za mama zao.

Usiku ule senene walianguka. Alfajiri rweya ilikuwa imejaa wanawake na vikapu, na ukungu ulikuwa mzito. Upepo nao ulikuwa umegeuka, kwa hiyo rubani akaamua kuanzia upande wa ziwa na kuondoka kuelekea magharibi. Bwana Shamba aliupitia uwanja wote akiwafukuza wanawake kwa Kiswahili chake cha mkutanoni. Walisogea pembeni wakinung'unika. Kisha akarudi mahali pake, na muda huo wa kurudi ndio uliotosha.

Mkewe alikuwa mwisho wa magharibi. Alisikia ndege ikienda kule mbali, upande wa ziwa, akafikiri itaondoka kama jana na kumpa kisogo. Wenzake walikuwa wamechukua sehemu zenye majani marefu. Pale uwanjani, kwenye majani mafupi, hapakuwa na mtu na senene walikuwa tele. Mke mpya haendi nyumbani na kikapu nusu. Aliingia akainama, mwenye kanga nyeusi, ndani ya ukungu.

Bwana Shamba akapunga kitambaa.

Mimi nilikuwa nawasha moto nyumbani. Nilisikia injini ikipanda, halafu ikapiga kelele ambayo jana haikuipiga, halafu kishindo. Nilipofika ndege ilikuwa imelala kifudifudi ng'ambo ya kile kichuguu, bawa moja limebaki nyuma, na dawa inamwagika kutoka kwenye tangi lililopasuka. Waliokuwa karibu walisema rubani alimwona mwanamke dakika ya mwisho, akainyanyua ndege kabla ya wakati, nzito vile na dawa yote ile. Ilimruka yule mwanamke. Haikuweza kukiruka kichuguu.

Bwana Shamba ndiye aliyemtoa rubani. Alimvuta kwa makwapa kutoka ndani ya ile dawa, akamlaza majanini, akamfuta uso kwa kile kitambaa. Kijana alifungua macho akauliza neno moja tu, "Nimemgonga?"

"Hapana," Bwana Shamba alimjibu. "Hukumgonga."

Nilikuwa nimepiga magoti hapo, niliyasikia kwa masikio yangu. Alikufa kwenye Landrova kabla ya kufika hospitalini.

Sasa nitasema jambo ambalo linamstahili. Wengine tulikuwa tunalia, yeye alikuwa ameshakumbuka senene. Dawa ilikuwa imemwagika kwenye majani, na wanawake walikuwa njiani kwenda nyumbani na vikapu vyao. Alikimbia nyumba hadi nyumba, nguo zake zikinuka dawa, akibisha hodi kwa Kihaya. Alipindua sufuria zilizokuwa mekoni. Bibi mmoja aligoma kuachia kikapu chake, akamng'ang'ania mkono, na Bwana Shamba alimpigia magoti mavumbini mpaka akakiachia. Vyote alivichoma moto. Kuku waliodonoa ukingoni mwa uwanja walikufa kabla ya jua la utosi. Hakufa mtoto hata mmoja, na hilo tunadaiwa na yeye.

Maofisa walikuja siku chache baadaye. Mkubwa wao alikuwa mtu mwenye sauti laini, alituita sote mbele ya ofisi ya kijiji. Alisema ndege ile ni jasho la taifa, na kwamba kama kuna mtu aliingia uwanjani, huyo amehujumu kazi ya serikali, na wahujumu wana mahali pao pa kukaa. Alilisema hilo bila kupandisha sauti. Kisha akauliza kama kulikuwa na mtu uwanjani.

Mwenyekiti alisema hapakuwa na mtu. Wanawake waliulizwa, wakatazama chini wakasema walikuwa wamesogea. Mkewe Bwana Shamba hakuwapo. Mumewe alikuwa amemfungia ndani. Hatimaye akaulizwa yeye.

"Wewe ndiye uliyepunga kitambaa?"

"Ndiyo, Ndugu."

"Uliona mtu?"

"Sikuona mtu."

Na ni kweli hakuona. Yule ofisa akasema kwamba ndani ya ndege wamekuta vipande vya kibuyu, na kiti chote kinanuka pombe. Je, rubani alikuwa amekunywa?

Nilimtazama Bwana Shamba. Nilijua, naye alijua, na wazee waliokaa mstari wa mbele walijua. Akavuta mkanda wa kaptula yake.

"Alipewa kibuyu," akasema. "Ni desturi yetu."

Hakuongeza neno. Mengine waliyajaza wenyewe, na hakuna aliyewazuia. Na mimi nisijitoe. Nilikaa pale na maziwa yangu niliyompa yule kijana yakinichoma moyo, nikanyamaza pamoja na kijiji.

Kaka yake rubani alikuja kuuchukua mwili. Alimtafuta Bwana Shamba kwa sababu aliambiwa ndiye aliyemtoa ndegeni. Walisimama kwenye mstari wa migomba kati ya nyumba zetu. Alimshukuru kwanza, kwa adabu za kwao, halafu akasema, "Baba, wanasema mdogo wangu alikuwa amelewa. Wewe ulikuwapo." Bwana Shamba alikiangalia kiatu chake kilichochanika soli. Alisema, "Pole sana, mwanangu. Pole sana." Akalirudia mpaka yule mgeni akachoka kungoja akaenda zake.

Nilimchukia siku ile. Nasema wazi, nilimchukia, na jioni nilipomwona ameinama nyuma ya nyumba akitapika, chuki ikaniisha nikabaki sina pa kujishika.

Mkewe aliniambia maneno ambayo sikuyategemea. Tulikuwa tunaanika kahawa, mwaka umepita, ana mimba ya kwanza. Alisema, "Mwalimu, mimi nilitaka kusema. Nilimwambia anifungulie mlango niende nikaseme ni mimi, wanifunge. Alisimama mlangoni mpaka wale watu wakaondoka." Nikamwambia mume wake alimpenda. Akageuza kahawa kwa kiganja, akasema, "Labda. Lakini yule kijana ndiye aliyenipa uhai, na mimi kila siku nakula nikijua wanamwita mlevi. Nani amemwuliza mume wangu kama nataka kupendwa hivyo?" Kile kitenge hakuwahi kukivaa. Bwana Shamba alikuwa ameniambia nimpe yeyote, nikampa mwanamke mmoja kipofu aliyekuwa akipita akiomba.

Tangu hapo nikawa namtazama Bwana Shamba kwa macho mawili. Jicho moja lilimwona mtu aliyeziba mdomo wake ili mkewe asioze gerezani. Jingine lilimwona mtu aliyepunga kitambaa na hakutaka mtu yeyote azungumzie kitambaa hicho, na mlevi aliyekufa alikuwa ngao nzuri. Nadhani yeye mwenyewe hakujua ni yupi. Kanisani kwao, nilivyoambiwa, alikaa benchi la nyuma na watu wakipanga mstari wa komunyo alibaki ameketi. Padri alimwita mara mbili. Hakuna ajuaye walichosema. Senene hakuwaonja tena. Na lubisi aliacha kabisa, akawa anarudisha vibuyu vya wazee mchana kweupe, mbele ya watu, bila samahani. Walimwita mwenye kiburi. Wengine walisema amekuwa mlokole.

Kazi hakuiacha. Mahindi ya pamoja yaliliwa yote mwaka ule, na shamba lile likafa polepole, kila mtu akarudi kwenye migomba yake, lakini yeye aliendelea kupita na baiskeli. Alibadilika kitu kimoja. Zamani alikuwa mtu wa kusema "hakikisha". Sasa alihakikisha mwenyewe, akarudi akahakikisha tena, mpaka watu wakachoka. Alimpigia hodi mzee mmoja mara tatu asubuhi moja kumwuliza kama amefungia dawa ya mibuni mahali watoto hawafiki. Mara ya tatu mzee yule alimwambia, "Bwana Shamba, nenda ukalale." Alikwenda, lakini njiani akageuza baiskeli.

Mimi nilihamishiwa shule ya mjini, nikajenga Ijuganyondo, nikazaa, watoto wakanisomea. Yeye alistaafu akarudi kwao Izimbya. Tulionana kwenye misiba miwili mitatu, tukataniana kidogo, hatukugusa lolote. Nilisikia kwa kuchelewa kwamba mkewe amefariki, nikafunga safari kwenda kumpa pole.

Nilimkuta amekaa mlangoni kwenye kigoda, amekuwa mdogo ndani ya koti lake. Mmoja wa binti zake alituletea kahawa akatuacha. Cha ajabu, kibanja kilikuwa safi, sijawahi kukiona safi vile. Wanawe walikuwa wamekitunza. Nilimsifia. Alisema, "Si kazi yangu hiyo, Mwalimu." Kaburi la mkewe lilikuwa pale pale kati ya migomba, udongo ukiwa umeanza kutulia. Tulizungumza juu ya ugonjwa wa marehemu, juu ya wajukuu, juu ya miguu yangu. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Nimekwenda Upare."

Nikaweka kikombe chini.

"Nilipanda basi baada ya kumzika huyu. Nilimpata yule kaka. Amezeeka, lakini alinijua kabla sijajitaja. Alinikaribisha chakula, nami nikala kwanza, Mwalimu, maana niliogopa nikisema kabla sitapewa." Alitabasamu kidogo, tabasamu likaondoka. "Nilipomaliza nikamweleza. Mke wangu, ukungu, kibuyu, nilivyoulizwa na nilivyojibu. Kila kitu."

"Akasemaje?"

"Aliniambia nimfuate, tukaenda nyuma ya nyumba, akanionyesha kaburi la mama yake. Saruji yake bado mpya. Akasema, 'Kamwambie huyu. Mimi sikuwa na haja ya kuambiwa, nilimjua mdogo wangu. Huyu ndiye aliyewaamini ninyi.' Akaniambia yule mama alijiuzulu uzee wa kanisa mwaka uleule wa ajali. Hakulitaja tena jina la mwanawe nyumbani mwake. Picha yake aliitoa ukutani kwa mkono wake mwenyewe."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumfariji, nikayaweka kando. Miaka ya kufunga watu kwa hujuma ilikuwa imekwisha zamani, na hilo alilijua vizuri kama mimi. Nilimpenda mzee huyu, na kwa sababu nilimpenda sikuona haja ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Umechelewa, Bwana Shamba," nilimwambia.

"Nimechelewa." Aliitikia kwa kichwa, akaangalia kule kaburini kwa mkewe. "Nilikuwa namngoja huyu. Nilisema siku Mungu akimchukua, hatakuwapo tena wa kuadhibiwa, na mimi nitapanda basi. Miaka yote hiyo nikawa nahesabu umri wake yeye, Mwalimu. Haikunijia hata siku moja kwamba na yule mama naye anazeeka."